Wa nani? Wa wapi? Mazungumzo juu ya Maalim na safu yake ya michezo

Assalaam alaykum jamani. Nisogezeeni maiki hii, ahsante. Mlioko nyuma mnasikia? Haya.

Maalim, mwandishi wetu wa michezo gazetini, mnamjua nyote hapa Chake Chake, Pemba, kwa hivyo sianzi na kazaliwa wapi kasoma skuli gani. Langu ni lile lile nililolisema kwenye khitma yake, na nikalisema tena Unguja mpaka watu wamenichoka: safu zake za gazetini zikusanywe. Zote, kabla mchwa hawajazimaliza.

Ntakupeni kisa kimoja. Kulikuwa na mechi ya ligi hapo Gombani, mvua imepiga tangu asubuhi, uwanja matope matupu, waandishi wengine wa Unguja walipiga simu kuuliza matokeo basi, yeye kapanda boti ya usiku kateremka Mkoani alfajiri na mfuko wake wa plastiki, ndani mna daftari la skuli na kalamu mbili za risasi, kwa sababu wino ukirowa unachuruzika. Mie ndo kwanza nimeanza kazi, nilikuwa naye. Mpira umekwisha, watu wanakimbilia gari, yeye huyoo anawafata wachezaji bombani wanakosha miguu. Kamuuliza beki mmoja jina, mtoto kataja jina lake moja. Maalim kamwambia, "Wa nani? Wa wapi?" Basi akataja baba, akataja babu, akataja na kijiji chao huko Micheweni, na Maalim anaandika herufi moja moja, halafu anamsomea: "Ndivyo?" Wote kumi na moja hivyo hivyo, na wa akiba! Dereva anapiga honi, sie tunaandika majina.

Miaka ikapita, nikaenda Micheweni arusini, nikapelekwa kumuamkia mama yake yule beki. Nyuma ya mlango wa chumba pana kipande cha gazeti kimebandikwa kwa unga wa ngano uliokorogwa na maji, kishakuwa rangi ya chai. Bibi yule msahafu anausoma, herufi hizi za gazetini hazijui, lakini mstari wenyewe anaujua ulipo. Kaweka kidole, hakukosea. Huyu mwanangu, kanambia, na huyu baba yake.

Sasa mtu ataniambia, sheikh, siku hizi kila kitu kipo kwenye simu. Kipo wapi? Mwaka 1995 sie Zanzibar tulichukua Chalenji, kombe la nchi za Afrika Mashariki na Kati, Uganda kwenyewe, hebu waulizeni vijana waliozaliwa baada ya hapo wakutajieni kumi na moja walioanza. Na 2017, mwezi wa tatu CAF, shirikisho la mpira la Afrika, wametupa uanachama, mwezi wa saba wameuchukua, eti nchi moja, Tanzania, haiwezi kuwa na vyama viwili vya mpira, mji mzima ukazizima, na Disemba hiyo hiyo vijana wakafika fainali ya Chalenji Kenya wakatolewa kwa penalti. Maalim mara zote akisema, mtu akikuuliza nyie kwenye mpira ni nani, utamuonesha nini? Si hayo majina?

Mwengine atasema alikuwa na timu yake. Alikuwa nayo, nani hana? Lakini siku timu yake ikifungwa aliandika kafunga nani, dakika ya ngapi, na kwa mguu gani. Mie hilo linanitosha.

Nilitaka nigusie na nage, na mchezo wa ng'ombe, na resi za ngalawa, maana aliyaandika hayo wakati wenziwe hawayahesabu kuwa michezo, lakini naoneshwa saa hapa. Basi nimalizie la kazi. Ofisi moja niliyokwenda kuomba magazeti ya zamani nimeambiwa yalichomwa walipohama. Yamechomwa! Kwa hivyo yaliyobaki yamo majumbani mwenu, nyuma ya milango, chini ya magodoro, kwenye makasha ya bibi zenu. Msiyabandue, yatachanika. Pigeni picha kwa simu, mchana, mlango ukiwa wazi, kila mstari usomeke. Na aliyelikata gazeti bila ya ile tarehe ya juu, namuomba amuulize mama au bibi ilikuwa mwaka gani, mvua za masika au vuli, nani kazaliwa nyumbani mwaka huo, kisha aiandike pembeni kwa kalamu ya risasi.