Mfuko wa Mabaharia Usikae Ofisini

Asanteni, tukae. Nimeombwa nizungumzie mfuko wa hisani wa mabaharia: unavyochangiwa, unavyotoa, nani anastahili. Wengi wenu mnayajua hayo, kwa hiyo nayaruka. Nitasema lile ninalolisema kila mkutano, na sitachoka mpaka litendeke: baharia hawezi kuufuata mfuko. Mfuko ndio umfuate.

Chukueni meli ya MV Aman. Ilizuiliwa Misri Julai 2017, vyeti vyake vimepitwa na wakati. Mahakama ikamtaja afisa mmoja, kijana wa Syria, kuwa mwangalizi wa meli kisheria. Maana yake haondoki mpaka meli iuzwe au apatikane wa kushika nafasi yake. Wenzake wakateremka, yeye akabaki. Mwaka 2018 mama yake akafariki, na kwenye maziko hakufika. Mwishowe akawa peke yake, ndani ya meli nzima isiyo na umeme. Machi 2020 dhoruba ikaikokota meli hadi ikakwama mita mia kadhaa kutoka ufukweni, na hiyo ndiyo ikawa nafuu yake, kwa kuwa sasa aliweza kuogelea hadi nchi kavu kila baada ya siku chache, akanunua chakula na kuchaji simu.

Hebu tusimame hapo kwenye simu. Mtu anajitosa baharini ili achaji simu! Halafu sisi tunakaa kikao kizima tukibishana kama vocha ni msaada au ni anasa.

Aliachiwa Aprili 2021. Ilipatikana njia gani? Mwakilishi wa ITF, lile shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi, alikubali kuandikwa yeye kuwa mwangalizi wa meli badala ya kijana yule. Ilibidi mtu ajitokeze, atoe jina lake.

Najua kuna anayesema moyoni, "Hiyo ni kazi ya mwenye meli." Ni kazi yake, sibishi hata kidogo. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 upo, na marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2017 yanadai meli iwe na bima ya kuwalinda mabaharia wakitelekezwa na mwenye meli, na cheti chake kibandikwe mahali pa wazi melini. Bima hiyo inalipa mshahara uliolimbikizwa, lakini mwisho ni miezi minne. Aliyedai miezi tisa je? Na kabla bima haijakubali kulipa, wakati barua zinakwenda na kurudi, nyumbani kwake wanakula nini? Hapo katikati ndipo pahali petu. Hatumwondolei mwenye meli deni lake. Tunamshika mtu asizame wakati deni linadaiwa.

Mwingine atasema, "Si waombe? Fomu zipo." Huyo nitamjibu kwa mpishi mmoja.

Nilipanda meli moja na begi langu la kawaida: laini za simu, sabuni, na kofia za sufu walizofuma akina mama wa kujitolea. Kila mtu alichukua chake. Mpishi hakuchukua kitu. Alikuwa anakaanga vitunguu, hata uso hakuinua. Nikavuta kigoda nikakaa humo humo jikoni, tukazungumza mpira. Imepita nusu saa, akazima jiko, akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, akatoa simu na kunionyesha ujumbe wa mkewe. Mtoto amelazwa. Mshahara haujaingia mwezi wa tatu huo. Nikampa fomu. Akaisoma mpaka chini, akanirudishia. Fomu ilitaka sahihi ya nahodha, na nahodha ndiye aliyewaambia wanyamaze.

Fomu yetu wenyewe, ndugu zangu! Tumeiandika sisi, tukaiona safi. Nimeomba mstari ule ufutwe, nikaambiwa ni kinga dhidi ya udanganyifu. Basi mthibitisheni mtu kwa kitabu chake cha ubaharia na mkataba wake wa kazi, vyote anavyo.

Wala sijabuni jambo jipya. Mwaka 1835 kasisi John Ashley, akiwa pwani ya Uingereza, aliulizwa na mwanawe: watu wa visiwa vile wanasali wapi? Akaenda kuwatazama, na huko akaona kundi la merikebu zimetia nanga zikingoja upepo, mabaharia wamejaa humo na hakuna anayewafikia. Akawa anawafuata kwa mashua, merikebu kwa merikebu. Chama kilichozaliwa na kazi ile mwaka 1856 bado kinapanda meli hadi leo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na maneno juu ya wajane, na juu ya wastaafu wenye migongo iliyoharibika, ambao mfuko unawakumbuka mwisho kabisa. Wavuvi nao wana mkataba wao tofauti, ule wa 2007, kwa hiyo wanaangukia nje ya mengi niliyoyataja. Hayo tutayarudia siku nyingine. Wanawake melini pia. Huko kunahitaji mwanamke wa kupanda meli na kuwasikiliza, na hatuna wa kutosha.

Kwa sasa naomba mambo mawili tu yaingie kwenye kumbukumbu za mkutano: sahihi ya nahodha iondolewe, na nauli ya wanaopanda meli itengwe kabla ya fedha za ofisi. Waliojiandikisha kupanda kesho, tuonane lango la bandari saa kumi na mbili asubuhi. Mje na vitambulisho na viatu visivyoteleza, maana ngazi itakuwa na umande.