Spea Iko Chini ya Mkungu wa Ndizi: Maongezi Kuhusu Safari Ndefu ya Gari

Shikamooni wazee, mambo vijana. Mwenyekiti kaniambia niongee dakika kumi kuhusu kujiandaa na safari ya likizo ya mwezi wa sita, nadhani kanichagua mimi kwa sababu anajua yaliyonikuta, haya.

Sisi watu wa Moshi tumezoea Desemba, nchi nzima inatujia huku, sisi kazi yetu ni kuchinja mbuzi na kusubiri. Mwezi wa sita ndio tunatoka sisi. Mwaka ule tulikuwa tunaenda Mbeya kwa shemeji, na nikasema hatupiti Segera na Morogoro, tukate Arusha, Makuyuni, Babati, Kondoa, Dodoma, tupande Iringa mpaka Mbeya, siku hizi ni lami tupu. Ni zaidi ya kilomita elfu moja hiyo. Gari IST, ile Toyota ndogo, watu watano, na mzigo wa watu kumi.

Gereji nilipita, msinione mzembe. Oili nilibadilisha, breki zikaangaliwa, kulanti, feni belti, bima iko hai, mtungi wa moto upo, triango mbili zipo. Nikajiona nimemaliza. Kumbe bado.

Tulishavuka bwawa la Mtera tunaelekea milima ya Nyang'oro, saa moja jioni giza linaingia, tairi la nyuma likapiga pancha. Mtu mzima nikashuka nacheka, si ninayo spea. Sasa wenye IST mnajua spea inakaa wapi, chini ya kapeti la buti, na jeki iko hukohuko. Juu ya kapeti kuna nini? Mikungu miwili ya ndizi, debe la parachichi, mabegi manne, sufuria la zawadi ambalo mama watoto alisema lisilaliwe na kitu, yaani tulishusha duka zima pembeni ya barabara, malori yanapita vuuup, watoto wanalia baridi. Nikaipata spea. Nikaibonyeza hivi kwa kidole gumba, ikabonyea. Haikuwahi kutiwa upepo toka nimenunua gari! Na hata ingekuwa na upepo isingesaidia, maana nilikuwa nimeweka rimu za sport hapa mjini, tundu la nati ni jembamba, spana ya zamani ni nene haiingii. Fundi aliyenifungia hakuniambia na mimi sikuuliza. Dereva wa lori ndiye alituokoa, Mungu ambariki popote alipo, alikuwa na spana nyembamba na mashine ya upepo.

Kwa hiyo mimi leo sina somo refu. Ukipakia gari, pakia kama mtu anayejua atapakua njiani, usiku, peke yake. Jeki, spana, triango na tochi vitoe huko chini ya kapeti, vifunge kwenye mfuko mmoja wa kitambaa, vikae chini ya siti ya mbele. Na wiki moja kabla ya safari, uani kwako, mchana, fungua tairi moja ulirudishe. Dakika ishirini tu. Utajua kama spana inaingia na jeki inapanda, na huyo kijana wako anayejifanya dereva utamjua pia.

Tairi zenyewe, chuchumaa pembeni usome. Tafuta herufi DOT, mwisho wake kuna namba nne, kama ni 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wengine mtapangusa vumbi mkute tairi lina umri wa mtoto wa sekondari, kashata, yale maua ya tairi, bado nzuri lakini mpira umeshakauka una nyufa. Upepo pima asubuhi tairi likiwa baridi, na gari ikijaa mzigo upepo uongezwe, kipimo kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni kwa dereva. Spea nayo ni tairi jamani, msiisahau.

Mizigo, kizito kikae chini kabisa kikigusa mgongo wa siti ya nyuma, chepesi juu. Keria ya juu weka magodoro na nguo, usiweke mchele gunia, gari itayumba kwenye kona za Bereko utubu dhambi zote. Masweta yasikae chini ya begi, Makambako na Mbeya mwezi wa sita na wa saba ni baridi kweli, sio hii yetu ya mjini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, hivyo mtoto anayetapika mbebee kopo la rangi lenye mfuniko, linaoshwa linarudi kazini.

Halafu mbege, pombe yetu ya ndizi. Kuna jamaa yangu alimbebea mkwe wake dumu, kakaza mfuniko kwa nguvu zote. Mbege haijui safari, inaendelea kuchacha. Kufika karibu na Kondoa, jua kali, mfuniko ukaruka paap, gari yote ikalewa, na trafiki yuko mbele anapunga mkono. Jielezee sasa.

Msiendeshe kwa kukomoana, Dodoma laleni. Pesa taslimu kidogo iwepo mfukoni, sio kila penye mafuta pana mtandao.

Naona mama pale nyuma kanyoosha mkono. Eti kuku wa zawadi, akiwa hai, anabebwaje? Mama yangu, boksi lenye matundu, maji kidogo mkisimama, mfunge miguu kwa kitambaa sio kamba. Aende salama kabisa. Ila asikae juu ya spea.