Saa Janja ya Kwanza: Anza na Simu Uliyonayo

Hamjambo watazamaji. Hapa mezani nina saa janja, bangili ya mazoezi na pete janja. Zote zinavaliwa, zote zinaongea na simu kwa Bluetooth. Ipi yako? Twende taratibu.

Hatua ya kwanza, weka saa pembeni, shika simu yako. Ni iPhone au Android? Apple Watch haikubali Android, hata uibembeleze vipi. Galaxy Watch za Samsung nazo, kuanzia ile ya 4 ya mwaka 2021, zimeachana na iPhone. Bangili nyingi hazina ubaguzi. Nimeona mtu kanunua saa nzuri kabisa, kufika nyumbani ikawa pambo.

Hatua ya pili, chagua kazi moja unayoitaka zaidi. Kuhesabu hatua na usingizi? Bangili inatosha. Kusoma ujumbe na kupokea simu? Saa. Unakimbia na hutaki kubeba simu? Tafuta yenye GPS yake yenyewe, ile inayojua ulipo na umbali uliokwenda, maana nyingine huazima ya simu na tangazo halisemi. Pete haina kioo. Kwa anayeanza, mimi simshauri.

Hatua ya tatu, igeuze. Unaviona vitaa hivi vya kijani? Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo ukipiga, damu kwenye mishipa inaongezeka na mwanga unaorudi unapungua. Kihisi, yaani kijicho kinachopokea mwanga huo, kinahesabu huko kupanda na kushuka. Ndiyo maana saa ikilegea namba zinavurugika. Ivae juu kidogo ya mfupa wa kifundo, upana wa kidole kimoja, ikae bila kubana. Mchoro mzito wa tatuu nao huziba mwanga.

Sasa tuijaribu. Weka vidole viwili kwenye mkono, upande wa gumba, usikie mapigo. Usitumie gumba lenyewe, lina mapigo yake. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara 2, linganisha na saa. Ikipishana kwa mawili matatu, si neno. Kisha panda ngazi mbio, tazama tena. Wewe unahema na namba imelala palepale? Irudishe dukani.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Saa au pete inayodai kupima sukari mwilini yenyewe, bila kutoboa ngozi, iache. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya Februari 2024 kwamba haijaidhinisha hata moja. Mgonjwa akipima dozi ya insulini kwa namba hiyo, anacheza na uhai wake. Zipo saa zinazoonyesha tu namba kutoka kihisi kilichobandikwa mwilini, chenye kijisindano chake. Hiyo ni habari nyingine.

Hatua ya nne, betri. Saa yenye programu nyingi mara nyingi hudumu siku moja au mbili. Bangili hufika wiki na zaidi. Ukitaka kupima usingizi, saa inayolala kwenye chaji itapima usingizi wa nani?

Maji, kwa haraka: saa iliyoandikwa 5ATM, yaani "mita 50", unaogelea nayo, hupigi mbizi. Hiyo "mita 50" ni kipimo cha shinikizo, si kina cha kuzamia.

Hatua ya mwisho, kuunganisha. Ichaji ijae, kisha pakua programu ya mtengenezaji na uunganishe ukiwa ndani ya programu hiyo. Wengi wanakimbilia mipangilio ya Bluetooth ya simu, halafu wanalalamika saa mbovu. Jaza umri, urefu na uzito wa kweli. Usijipunguzie kilo, hesabu ya kalori inategemea hapo. Ikiomba ruhusa isiyohusiana na kazi yake, kataa.

Halafu arifa. Zima zote, uwashe moja moja. Yangu inatetemeka kwa simu na ujumbe wa nyumbani tu. Makundi ya WhatsApp yanasubiri huko huko mfukoni.