Ujuzi wa Kidijitali kwa Mtafiti wa Uzamivu katika Insia

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri, na ninyi wanafunzi wa uzamivu mlioalikwa leo,

Wanafunzi wanaoanza utafiti wa historia, fasihi au falsafa huniuliza wajifunze programu gani kwanza. Naomba swali hilo lingoje, kwa sababu linatanguliza chombo mbele ya kazi. Roberto Busa, padri Mjesuiti wa Italia, alipokuwa akiandika tasnifu yake ya uzamivu katika miaka ya 1940 kuhusu dhana ya uwepo katika maandiko ya Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alijikuta akinakili kwa mkono kadi zipatazo 10,000 ili kufuatilia matumizi ya kihusishi kimoja tu cha Kilatini. Ni baada ya kazi hiyo ndipo alipotafuta mashine, na mwaka 1949 akaenda New York kuiomba kampuni ya IBM imsaidie. Faharasa ya maneno ya Thomas iliyotokana na ombi hilo ilichukua takriban miaka 30, na saa walizofanya kazi watu zilizidi kwa mbali saa za mashine, kwa kuwa ilibidi mtu aamue ni maumbo yapi yanayohesabiwa kuwa neno moja.

Ujuzi ninaoupa uzito kuliko mwingine wote ni kufahamu jinsi maandishi yalivyofika kwenye skrini. Kitabu cha zamani kilichowekwa mtandaoni huwa na tabaka mbili: picha ya ukurasa tunayoisoma, na maandishi yaliyokisiwa na kompyuta kutokana na picha hiyo, ambayo ndiyo yanayopekuliwa tunapotafuta neno. Katika vitabu vya Kiingereza na Kifaransa vilivyochapwa kabla ya mwaka 1800 hivi, herufi s mara nyingi ilichapwa kwa umbo refu linalokaribiana sana na f, na kompyuta nyingi zimeisoma hivyo. Mwanafunzi anayetafuta neno lenye s, akapata matokeo machache, kisha akaandika kwamba dhana hiyo ilikuwa adimu katika karne ya 17, amepima udhaifu wa kompyuta akidhani amepima historia. Hilo ni kosa la uhakiki wa vyanzo, na uhakiki wa vyanzo ni kazi yetu tangu zamani.

Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu chochote, chukua kurasa kadhaa bila kuzichagua, linganisha picha na maandishi, na uandike kiwango cha makosa ndani ya sura ya mbinu za utafiti. Kisha jifunze kutafuta kwa ruwaza, yaani kwa kueleza umbo la neno badala ya tahajia moja, ili tahajia zote za neno zipatikane kwa pamoja. Programu ya marejeo kama Zotero, ambayo hutolewa bure, mtaizoea haraka. Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, si lazima kwa kila mtu, ingawa anayelinganisha mamia ya matini atafika mahali asipoweza kuikwepa.

Tunzeni faili asilia bila kuzigusa, fanyieni masahihisho kwenye nakala, na kila utafutaji uandikiwe tarehe, hifadhidata na maneno yaliyotumika. Nanyi wasimamizi, nawasihi muda wa kujifunza haya uhesabiwe kuwa muda wa utafiti, na mtahini aliye na haki ya kuuliza nyaraka zimetoka jalada gani aulize vilevile utafutaji ulifanywaje.