Sentimita sita ubaoni: kumfundisha mwanafunzi mwenye ualbino

Walimu wenzangu, leo nitamzungumzia mwanafunzi mmoja tu kati ya wengi mlio nao: mwenye ualbino, katika darasa la kawaida. Huyu si kipofu, na kwa kawaida hahitaji nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole. Ana uoni hafifu. Sehemu ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), ile inayotambua vitu vidogo vidogo, haikukomaa sawasawa tangu tumboni. Miwani itamsaidia, lakini haitamfikisha walipo wenzake. Kinachobaki ni juu yetu.

Tupige hesabu. Tuseme macho yake yamepimwa yakaonyesha 6/60: maana yake anachokiona yeye kwa mita 6, mwenye macho mazima hukiona kwa mita 60. Mketishe mita 2 kutoka ubaoni: herufi ndogo kabisa atakayoitambua, tena kwa kukodoa, ina kimo cha sentimita 3 hivi. Ili asome bila taabu iandike mara mbili yake, sentimita 6. Akiwa mita 4 zinahitajika 12, na hapo ubao wote unakwisha kwa sentensi chache. Kwa hiyo kumwambia akae mbele hakutoshi. Aruhusiwe kuinuka na kusogea ubaoni bila kuomba, na wewe tamka kila unachoandika. "Chukua hii, zidisha kwa ile" hakumfai kitu. Sema "saba zidisha kwa nane".

Kosa la kawaida, tena la nia njema, ni kumweka dirishani apate mwanga. Mwanga mkali unamuumiza. Akae dirisha likiwa nyuma yake, na kofia abaki nayo darasani, kanuni ya sare iseme itakavyo. Ubao ufute kwa kitambaa kibichi, maana dasta kavu huacha ukungu wa chaki unaomeza maandishi. Tumia chaki nyeupe au ya njano. Nyekundu na bluu hazionekani.

Akiinamisha kichwa upande, usimnyooshe. Macho yake huchezacheza, na pembe ile ndiyo yanakotulia. Akisogeza kitabu hadi sentimita 5 kutoka usoni, mwache pia; macho hayaharibiki. Kinachoumia ni mgongo, basi mwinulie kitabu juu ya rundo la madaftari.

Kwenye Hisabati, cha kwanza kupotea ni nukta ya desimali. Ikoleze. Alama za rula zipitie kwa kalamu nyeusi, na karatasi za kazi zichapwe kwa fonti ya 18 hadi 24.

Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea watahiniwa wenye uoni hafifu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa masomo mengine, pamoja na karatasi yenye maandishi makubwa. Majaribio yenu ya kila wiki yafuate hesabu hiyohiyo, mtoto asije akakutana na utaratibu huo kwa mara ya kwanza kwenye mtihani wa taifa.