Barua ya Kuachishwa Kazi Haifuti Leseni

Ndugu wauguzi na wakunga, karibuni Mwanza. Wengine mmevuka maji kutoka Ukerewe, sitawachelewesha. Naanza na ile barua ya kuachishwa kazi mliyopewa.

Kabla hujasoma sababu, tazama tarehe. Aliyeachishwa katika hospitali au zahanati binafsi ana siku 30 za kupeleka lalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, akiona kuachishwa si halali. Unajaza fomu namba 1, nakala unampelekea mwajiri kwanza, kisha unaiwasilisha Tume pamoja na ushahidi kwamba aliipokea. Watu hupoteza haki hapa, na karibu kila mara kwa sababu ileile: "bosi amesema tutaongea." Mnaongea wiki sita, siku zimeisha, unabaki kuomba uongezewe muda, na ombi hilo linataka sababu nzito. Ongeeni tu, ila fomu iwe imeshaingia. Mtumishi wa umma njia yake ni nyingine: anakata rufaa ndani ya utumishi, hadi Tume ya Utumishi wa Umma.

Sasa mtego mkubwa. Unaitwa ofisini, unaambiwa kwa upole: "Andika mwenyewe barua ya kuacha kazi, jina lako libaki safi." Usiandike! Ukiandika, umesema umeondoka kwa hiari. Lalamiko lako linadhoofika, na fao la upotevu wa ajira unalikosa. Fao hilo ni theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia mfuko wa hifadhi ya jamii angalau miezi 18. Chukua taarifa ya michango yako mapema, kwa maana wapo waajiri wanaokata mshahara na fedha haifiki kwenye mfuko. Utakuta miezi imerukwa, na wa kuifuatilia ni wewe.

Kiinua mgongo nacho mkikokotoe wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, isizidi miaka 10. Mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 26 kupata wa siku. Mwenye 780,000 ana 30,000 kwa siku. Amefanya miaka 4 na miezi 7: miezi 7 haihesabiwi, ni siku 28, yaani 840,000. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu halipwi hii. Notisi, likizo ambayo hukuchukua na cheti cha utumishi ni madai ya peke yake. Cheti kikumbushe kwa maandishi, maana ndicho mwajiri mpya atakachouliza.

Mliokuwa kwenye miradi ya VVU iliyotegemea fedha za Marekani, zilizositishwa Januari 2025, someni mkataba. Ulioisha kwa tarehe yake ni vigumu kuupigania, isipokuwa kama ulikuwa na msingi wa kutarajia kuongezwa. Uliokatwa katikati bila sababu halali, dai miezi iliyobaki.

Tuje kwenye leseni. Mwajiri hana uwezo wa kuifuta, hilo ni la Baraza la Uuguzi na Ukunga. Inayoiua leseni ni uzembe: tarehe inapita, pointi za mafunzo endelevu hazipo, halafu nafasi inatangazwa na wewe huwezi kuomba. Hata ukiuza dagaa sokoni Kirumba kwa muda, na hakuna aibu, leseni ihuishwe.

Mikono nayo inasahau. Aliyekaa miaka mitano kwenye CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, akitoa ushauri na dawa anaingia usaili wa leba, anapewa mwanasesere wa mtoto mchanga asiyepumua amsaidie kupumua, anakwama. Mara nyingi anajua hatua zote, lakini barakoa ya kumpulizia hewa inavuja au kichwa kimekunjwa, kifua hakipandi. Weka kichwa sawa, bana barakoa vizuri, puliza kama mara 40 kwa dakika, ukianza ndani ya dakika ya kwanza baada ya mtoto kuzaliwa. Na hesabu ya dripu: mililita 1,000 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita. Elfu moja mara 20, gawa kwa dakika 480, ni matone 42 kwa dakika. Ifanyeni bila simu.

Kuhusu nafasi, zile za serikali zinapita kwenye Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, na jina lililoandikwa tofauti na vyeti huangusha watu wengi kuliko ushindani. Msing'ang'anie mjini tu. Sengerema siyo mbali tena, Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa 2025.

Wanaowaza Uingereza: Tanzania imo kwenye orodha ya nchi ambazo mawakala hawaruhusiwi kuja kuchukua wauguzi. Kuomba mwenyewe moja kwa moja unaruhusiwa. Kwa hiyo anayekutaka ada hapa mjini akuunganishe, mwachie kiti. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS unataka 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika, kisha mtihani wa kompyuta na wa vitendo.

Usailini utaulizwa kwa nini uliondoka kule. Jibu kwa sentensi mbili, tarehe na sababu iliyoandikwa kwenye barua, kisha toa cheti cha utumishi mezani. Ukianza kumsema metroni wa zamani, aliyekaa mbele yako anajiona yeye ndiye anayefuata.