Volontia mmoja, bajeti tatu

Ndugu viongozi wa matawi ya Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, wazee wetu shikamooni, na volontia wote habari za asubuhi.

Mada niliyopewa ni kuimarisha kazi za Chama cha Msalaba Mwekundu katika maafa, afya na jamii. Kwenye makaratasi hizo ni idara tatu, kila moja na bajeti yake na ripoti yake. Ukifika Kigogo au Mchikichini unakuta ni mtu mmoja aliyevaa kizibao, anayejulikana kwa mjumbe na kwa mama lishe wa pale kona. Tukimgawa mtu huyo vipande vitatu, kazi inavunjika mikononi mwake.

Tazameni jinsi mambo yanavyofuatana. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu hadi baharini pale daraja la Selander. Masika yakishika, vyoo vya shimo vya bondeni vinafurika, na wapo wanaongoja mvua hiyo hiyo ili watapishe vyoo vyao. Maji hayo yanaingia kwenye visima vifupi na kwenye mabomba yaliyopasuka. Mtu akimeza vimelea vya kipindupindu, anaweza kuugua baada ya saa chache, au ikachukua hadi siku tano. Kwa hiyo siku tunayogawa mablanketi ndiyo siku ya kwanza ya kazi ya afya. Timu ya maafa ikigawa na kuondoka, halafu timu ya afya ikae kungoja fedha zake zipitishwe, wagonjwa watatutangulia. Wala tusidhani kipindupindu kinangoja mafuriko. Mlipuko wa 2015 hapa Dar es Salaam ulianza Agosti, mwezi usio wa masika wala vuli.

Kwa hiyo tuanze na orodha ya volontia. Matawi mengi yana majina, lakini wapigie simu uone: namba nyingine hazipatikani, mmoja amehamia Chanika, mwingine alipata mafunzo ya huduma ya kwanza miaka sita iliyopita. Orodha inayofaa ina jina, mtaa anaolala, namba mbili za simu, tarehe ya mafunzo ya mwisho, bima, na kazi anayoiweza. Ipigiwe yote mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Asiyepatikana asifutwe siku hiyo. Atafutwe kwanza kupitia mwenyekiti wa mtaa.

Kila tawi liwe pia na mtu anayesoma taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa na kujua rangi zake: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kila rangi iandikiwe kazi. Njano: hesabu ghala. Chungwa: volontia wapite nyumba za bondeni wakiandika wazee, wenye ulemavu, wajawazito na wanaotumia dawa kila siku. Nyekundu: watu hao wahamishwe kwanza, kungali mchana. Tangazo la kipaza sauti halimsaidii bibi asiyeweza kutembea.

Sasa mahali pa kuwahifadhi. Tumezoea kusema, "Waende shule ya msingi." Tupige hesabu. Kiwango cha chini cha kimataifa ni mita za mraba 3.5 kwa mtu mmoja. Darasa la mita 7 kwa 8 lina mita za mraba 56, yaani watu 16. Shule yenye madarasa manane inachukua watu 128. Ukiingiza watu 400 unaanzisha kituo cha kikohozi na upele. Hao 400 wanahitaji lita 15 za maji kila mtu kwa siku, jumla lita 6,000, ambazo tangi moja la lita 5,000 halitoshi. Mabomba ni mawili, kwa kipimo cha bomba moja kwa watu 250. Vyoo ni vinane siku za mwanzo, kimoja kwa watu 50, na vikifika vyoo 20, kimoja kwa watu 20, ndiyo hali ya kawaida. Vya wanawake viwe mbali na vya wanaume, vyenye komeo la ndani na taa. Hayo yote yapimwe sasa, shule kwa shule, pamoja na mwalimu mkuu na mtendaji wa kata, na yaandikwe. Tena mkubaliane tarehe ya kuondoka, maana watoto wana haki ya madarasa yao.

Kuhusu maji ya kunywa, mafunzo yetu yanataja kidonge cha klorini bila kutaja kipimo. Kidonge cha miligramu 67 ni cha ndoo ya lita 20 ya maji maangavu, na unasubiri dakika 30. Maji ya matope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu tope hula klorini, ndipo utie vidonge viwili. Ukigawa kidonge bila ndoo yenye mfuniko, umegawa nusu ya kazi. Volontia arudi baada ya siku mbili na kipimo cha rangi kinachoonyesha klorini iliyobaki majini. Ikiwa klorini iliyobaki nyumbani iko chini ya miligramu 0.2 kwa lita, aulize maji yanatekwaje na kikombe gani kinaingia ndani.

Klorini ya unga ya asilimia 70 ni ya kusafishia, na hapa ndipo tunapokosea sana. Kwa lita 10 za maji: gramu 7 kwa kunawa mikono, gramu 30 kwa sakafu na vyoo, gramu 300 kwa matapishi na kinyesi cha mgonjwa. Pima kwa mizani mara moja, kisha tia alama kwenye kikombe cha plastiki, kimoja kwa kila kipimo, maana vijiko vya watu havilingani. Unga ndio unaotiwa ndani ya maji, nje penye hewa, ukiwa na glavu. Usichanganye na sabuni yoyote ya chooni. Mchanganyiko utengenezwe upya kila siku. Pipa la unga likiwekwa chini ya bati la moto wa Dar es Salaam linapoteza nguvu, na likiwa la chuma linaoza. Liwe la plastiki, limefungwa, kwenye kivuli, na la zamani litumike kwanza.

Mwisho ni masurufu, yaani fedha anazokabidhiwa mtu kwa kazi kisha azitolee hesabu. Volontia anapanda bodaboda, boda haitoi risiti, hesabu inakwama, masurufu hayarejeshwi, na fungu linalofuata linazuiwa wakati maji yanapanda. Dawa yake ni fomu ya usafiri iliyokubaliwa mapema na mhasibu: alikotoka, alikokwenda, kiasi, sahihi yake na ya kiongozi wa timu. Manunuzi ya dukani yadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, palepale, kwani kesho muuzaji hatakukumbuka. Kiwango cha posho kiwe kimoja kwa kazi za maafa, afya na jamii. Kikitofautiana, volontia wetu watahamia kwenye mradi unaolipa zaidi na mtaa utabaki mtupu.

Karatasi mlizopewa zina safu ya mradi mmoja tu. Ongezeni mbili pembeni, kisha kila tawi litoe orodha yake na simu. Tuna dakika 40. Tuanze na Ilala, tupige namba ya kwanza.